Gongo Hukupa Mguu, Hukunyima Mkono

Mjukuu wangu,

Tangu utoke hospitalini, watu wamepishana mlangoni kwenu kuja kukupa pole, na wote wamekuambia jambo moja: jipe moyo. Sina ugomvi na moyo. Lakini moyo hautakufundisha kupeleka kikombe cha chai kutoka jikoni mpaka sebuleni wakati mikono yako yote miwili imeshika magongo. Hilo ndilo litakalokusumbua kesho asubuhi, kabla hata huzuni haijaamka.

Mimi natembea kwa magongo tangu utotoni. Niliugua polio kabla ya Kenya kuanzisha mpango wa taifa wa chanjo za watoto mwaka 1980, na mguu wangu wa kulia haukurudisha nguvu tena. Wewe umekatwa wako chini ya goti baada ya ajali ya pikipiki. Zamani hapa Kivaa, ukiona magongo ulijua ni polio. Siku hizi nikikaa mbele ya karakana yangu siku ya soko, magongo ninayoyaona yako mikononi mwa vijana wa boda, nguvu tele mabegani, nyuso zimeinama. Maneno haya ni yako, lakini nao wayasome.

Nina jambo moja tu la kukuambia, na mengine yote yanatoka humo. Gongo hukupa mguu, hukunyima mkono. Mwenye miguu miwili hutoka kwake na ndoo mkono huu, simu mkono ule, na bado akikutana na jirani atapata namna ya kumsalimu. Sisi tukitembea tumeshika, tukisimama tumeshika. Kwa hiyo kila utakalotaka kufanya tangu leo, usijiulize kwanza kama mguu utaweza. Jiulize mikono itakuwa wapi. Nimewaona watu wenye magongo mazuri kuliko yangu wakikaa ndani mwaka mzima kwa sababu hakuna aliyewaambia swali hilo.

Tuanze na magongo yenyewe. Uliyopewa ni ya kwapa, ya alumini, yenye matundu ya kurefusha na kufupisha. Aliyekupimia alikuwa na foleni ndefu nyuma yako, kwa hiyo pima upya. Vaa kiatu utakachotembea nacho, simama wima, legeza mabega. Kichwa cha gongo kisikuguse kwapa. Kiache nafasi ya vidole vitatu hivi. Mkono ukining'inia, mshikio uwe usawa wa kifundo cha mkono, ili ukishika kiwiko kikunjike kidogo. Ncha za chini zikae mbele kidogo na kando kidogo ya mguu wako. Ukizileta karibu sana utajikwaa kwa magongo yako mwenyewe.

Na uzito ubebwe na viganja. Hapo kwapani inapita mishipa ya fahamu inayoshuka hadi vidoleni. Ukijitundika juu ya magongo kama nguo kwenye kamba, vidole vitaanza kufa ganzi, na ukizidi kukaidi kiganja kitalegea usiweze kukiinua. Namjua kijana mmoja ambaye mguu wake uliovunjika ulipona vizuri, lakini kwa miezi kadhaa mama yake ndiye aliyekuwa akimfungia vifungo vya shati. Gongo lilimnyima mkono kwelikweli, na kosa halikuwa la gongo. Hakuna aliyemwonyesha.

Viganja vitaota malengelenge, kisha sugu. Ile povu ya kwenye mshikio haimalizi msimu. Ikichanika, ivue, zungushia utepe wa tyubu ya baiskeli, uuvute sana, umalizie fundo upande wa chini lisikuchome. Mpira hautelezi ukitoka jasho, na huku Masinga saa saba mchana jasho halikuulizi. Alumini nayo ikiachwa juani hapa inaunguza. Mimi ndiyo maana natumia magongo ya mukau, mti wetu, mgumu, ambao mchwa hawauwezi. Mtu akikuambia gongo la maana sharti litoke ng'ambo, mkumbushe Wamunyu, hapa hapa Machakos, ambako watu wameishi kwa kuchonga tangu Mutisya Munge arudi na ufundi huo kutoka Tanganyika baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Lakini haya ni maneno ya seremala anayesifu mbao. Alumini ni nyepesi, na kwa mtu anayeanza, wepesi una thamani. Baki nayo.

Kitu ambacho hakina mjadala ni raba ya chini. Igeuze uitazame kila Jumapili kabla ya kwenda kanisani. Mistari yake ikifutika, au upande mmoja ukiliwa kuliko mwingine, itoe. Ukiona chuma au mbao imechungulia, usipige hatua nyingine. Raba iliyokwisha inashika vizuri kwenye udongo mkavu, na hapo ndipo inapokudanganya, kwa sababu siku utakapoingia kwenye vigae vya benki kule Matuu, au kwenye sakafu ya kanisa iliyotoka kupigwa deki, itakuacha ghafla. Ukikosa raba madukani, kipande cha tairi la gari kinachongeka. Kwa mchanga wa mtoni tunafunga kipande kipana zaidi, maana raba nyembamba inazama, na gongo likizama umesimama kwa nguvu za Mungu tu.

Kivaa haina tambarare, hilo walijua waliotutangulia wakapanda mlima wakajenga. Kanuni ya mteremko ni moja: ukipanda, mguu mzima utangulie, magongo yafuate, ukishuka, magongo yatangulie, mguu ufuate. Ngazi ni hivyo hivyo. Njia ya changarawe usiishuke moja kwa moja. Ikate kwa upande, hatua fupi, hata kama watoto wa shule watakupita mara mbili. Mvua za Novemba zikianza, simama mara kwa mara ubandue tope kwenye raba. Tope likishika, raba haipo tena.

Na utaanguka. Mimi bado naanguka. Unapoona unakwenda, yatupe magongo kando, yasiwe chini ya mbavu zako, na upokee ardhi kwa mikono iliyokunjika kidogo. Ukishafika chini usikurupuke. Kaa. Jipapase. Kisha jivute hadi kwenye jiwe, kigogo au ukingo wa ukuta, panda hapo kwanza, ndipo usimame. Jifunze kuinuka ukiwa peke yako nyumbani, juu ya mkeka, kaka yako akikutazama bila kukugusa. Aliyejifunzia nyumbani haogopi njia.

Sasa tuingie ndani ya nyumba, mahali ambapo siku nzima inapotelea.

Chai. Usibebe kikombe. Tia chai kwenye chupa ya chai, funga kifuniko, tia chupa kwenye mkoba wa mgongoni, kikombe kitakusubiri mezani. Chakula nacho ni hivyo hivyo: bakuli lenye kifuniko, na kijiko mfukoni. Jikoni kaa. Mwambie mama yako akupe kigoda, jiko liwe upande mmoja, maji upande wa pili, chumvi na mafuta mahali mkono unapofika. Mtu anayekaa ana mikono yake yote miwili. Nimepika muthokoi miaka mingi bila kusimama, na hakuna mgeni aliyewahi kuonja mguu ndani yake. Pale unapolazimika kusimama, egemea meza au ukuta kwa nyonga, uweke magongo kando, na vyombo uvisukume juu ya meza kutoka hapa hadi pale. Ndiyo sababu nilimtengenezea nyanya yako meza ndefu iliyogusana na mlango. Watu walidhani ni ya sherehe.

Mambo ya sokoni, chukua kiondo. Kiondo cha mkonge, utepe wake mrefu, ukatishe kifuani kutoka bega hadi ubavu wa pili, kikae mgongoni. Mama zetu wa Ukambani wamebeba nyumba nzima humo huku mikono yao ikifanya kazi nyingine, wakati mwingine wakisuka kiondo kingine njiani. Vijana watakucheka kwamba mwanamume amebeba kiondo. Waache. Mfuko wa plastiki uliotundikwa kwenye mshikio wa gongo ndio unaochekesha, maana unayumba, unakupiga gotini, na kilo mbili za ndengu zinatosha kukuvuta ukaanguka. Usitundike kitu chochote kwenye gongo. Hata simu. Shati lako liwe na mfuko wa kifuani wenye kifungo, simu ikae humo, na usiku vaa tochi ya kichwani. Tochi ya simu ni ya wenye mikono, na bafe wetu wa Masinga hapishi njia. Analala hapo hapo, amefanana na majani makavu, mpaka umkanyage. Mwavuli usahau. Nunua koti la mvua lenye kofia.

Maji yatakuuma zaidi. Tunakaa kando ya bwawa la Masinga, lililokamilika mwaka 1981, linalosaidia kuwasha taa za Nairobi, na bado tunateka maji kwa punda. Nimeshasema hayo katika mabaraza ya chifu nikachoka. Mtungi wa lita 20 haukuhusu tena. Usijaribu kuuburuta, usijaribu kuuviringisha kwa gongo kama nilivyomwona mtu akifanya. Jukumu lako liwe punda: kumfunga, kumpeleka, kumrudisha, kujua mgongo wake una kidonda au hauna. Atakayejaza mitungi na kuipakia ni mdogo wako. Hiyo ni kazi kamili, na nyumba itaihesabu kuwa yako. Mtu aliyeondolewa kazi zote za nyumbani kwa huruma hugeuka mgeni kwao, na ugeni huo ni mbaya kuliko kuchoka.

Shambani vivyo hivyo. Ndengu haivunwi kwa miguu, inavunwa kwa vidole. Keti juu ya gunia, chuma maganda yaliyo karibu, jisogeze. Palizi pia inawezekana ukiwa umekaa, kwa jembe lenye mpini mfupi, nitakukatia mmoja. Kuna watakaokuambia mtu mzima kujivuta mavumbini ni aibu. Waulize watakuletea madebe mangapi ya ndengu mwezi wa pili.

Choo sasa, maana wageni wako wa pole hawatakigusa. Choo chetu ni cha shimo, na kuchuchumaa kwa mguu mmoja ukishika magongo ni hatari iliyo wazi. Nimeshaongea na baba yako. Tutaweka sanduku la mbao lenye tundu juu ya shimo, urefu wa kiti, na fito mbili ukutani, kulia na kushoto, zilizofungwa kwenye nguzo, si kwenye mabati. Mlango ufunguke kwa nje. Msumari mkubwa wa kutundikia magongo uwe pale unapoufikia ukiwa umekaa. Kuoga, oga umekaa kwenye kiti cha plastiki, na ufute raba kwa kitambaa kabla ya kusimama. Raba yenye sabuni imewavunja watu waliookoka barabarani.

Ukikaa popote, rudi nyuma hadi uguse kiti, toa magongo yote kwapani, yashike pamoja kwa mkono mmoja, mkono wa pili utafute kiti, ndipo ushuke. Ukiyaegemeza ukutani yageuze, vichwa chini na raba juu. Ya kwapa yakisimamishwa hivyo hayaporomoki. Na yakae mahali unapofika. Hapa nina neno na wenye miguu, na nitakuomba uwafikishie. Kanisani, mzee wa zamu mwenye nia njema kabisa huja akayachukua magongo yako na kuyaweka nyuma, yasiwakwaze watu. Hajui kwamba ameondoka na miguu yako. Ukihitaji kutoka nje wakati wa mahubiri, utasubiri mahubiri yaishe, na wahubiri wetu unawajua. Kaa mwisho wa benchi, kando ya njia, magongo yalale chini ya benchi lako, na anayeyagusa mwambie kwa upole: yaache hapo, mzee wangu, ni miguu.

Jambo hili la kusaidiwa ndilo gumu kuliko yote, na nisingependa ulipite haraka. Utakutana na watu wa aina mbili. Wapo wasiokuona, watakaoachia mlango ukupige usoni. Hao si tatizo, unawazoea. Wenye kukuangusha ni wale wanaokupenda. Anakuona unapanda kizingiti, anakuja mbio, anakushika mkono juu ya kiwiko na kuuvuta. Mkono huo ndio uliobeba mwili wako. Ameondoa nguzo huku akidhani anaijenga. Usimkaripie, kwa sababu akikaripiwa ataondoka na uchungu na kesho hatasogea hata ukiita. Mpe kazi. Kabla hajafika, sema kwa sauti: nishikie mlango. Au: nibebee kiondo. Au: simama chini yangu hapa kwenye mteremko. Mtu mwenye nia njema anataka kuambiwa afanye nini, na wewe ndiye unayejua. Kuomba msaada bila kusema msaada gani ni kumkabidhi mwenzako mwili wako autumie apendavyo.

Na ukijiweza, sema: asante, hapa najiweza. Usiseme kwa hasira. Usiseme pia uongo. Kuna kiburi cha magongo, nakijua, kinachomfanya mtu apande mlima saa nane na gunia mgongoni ili wamwone. Mabega hulipa. Mabega na vifundo vya mikono havikuumbwa kubeba mwili wote maisha yote, na yangu mimi sasa yananiamsha usiku. Safari ndefu panda chombo. Ukipata baiskeli ya magurudumu matatu, ile ya kuendesha kwa mikono, itumie kwenye lami. Kwenye mchanga wetu haitembei. Wengine huona kiti cha magurudumu ni kushindwa. Kiti ni kifaa, na kina wema mmoja ambao gongo halina: mtu aliyeketi amerudishiwa mapaja ya kupakatia mzigo.

Kuhusu vyombo vya usafiri, najua hutaki kuisikia boda, lakini utaipanda, hakuna njia nyingine ya kutoka vijijini kwetu. Panda ukiwa na kofia ngumu. Magongo yasikae kwa kukingama mapajani, yatamgonga mwenye baiskeli au kunasa kijiti cha kando ya njia na kukung'oa. Yasimamishe kati yako na dereva, au yafungwe ubavuni kwa mpira, vichwa mbele. Kwenye matatu, moja mpe makanga, moja baki nalo. Mimi gari moja liliwahi kuondoka na yote mawili juu ya keria, nikabaki stejini nimeshika nguzo ya kibanda cha mboga mpaka liliporudi. Lilirudi, sina kinyongo, lakini tangu siku hiyo sijawahi kuyatoa yote.

Kuhusu mguu wako uliokatwa, fuata maneno ya kliniki, siyo yangu. Nitaongeza machache tu niliyoyaona kwa wengine. Usiweke mto chini ya goti, hata kama unapata nafuu, maana goti litakauka likiwa limekunjika na mguu wa bandia hautavalika. Lala kifudifudi kila siku kidogo, goti likiwa limenyooka. Na kile kipande kifungwe bendeji kama ulivyoonyeshwa, ili uvimbe uishe kabla ya kupimwa mguu wa bandia. Mguu huo ukifika usichome magongo moto. Usiku ukitaka kwenda nje, au ngozi ikichubuka, ni hayo hayo utakayoyarudia.

Karatasi hazina raha lakini zina faida. Nenda hospitali ya serikali ukafanyiwe tathmini, kisha ujiandikishe kwa Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu upate kadi. Kupitia mfuko wa baraza hilo unaweza kuomba vifaa vya kutembelea na vifaa vya kazi. Siku utakapoajiriwa, ukipata cheti cha msamaha, shilingi 150,000 za kwanza za mapato ya mwezi hazikatwi kodi. Zabuni za serikali, asilimia 30 imetengewa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Wewe umo mara mbili. Kifungu cha 54 cha Katiba ya 2010 kinakupa haki ya kufika mahali pa umma, kupanda vyombo vya umma na kuitwa kwa jina lisilokudhalilisha, na sheria mpya ya watu wenye ulemavu ilitiwa saini mwaka 2025. Ofisi zetu nyingi bado zina ngazi tatu mlangoni. Piga hodi ukiwa chini, wateremke.

Atakuja pia mtu, huenda akawa wa ukoo, akuambie Nairobi kuna fedha, ukae tu kando ya barabara na kikopo, mtagawana. Mwaka 2022 BBC ilionyesha watoto wenye ulemavu waliotolewa Tanzania wakapelekwa Nairobi kuombeshwa, na fedha zote zilikwenda kwa waliowaleta. Mtu huyo asikae kwetu hata kunywa maji. Ukitaka mfano wa njia nyingine, Mombasa kuna Bombolulu, karakana za Chama cha Watu Wenye Ulemavu wa Viungo nchini Kenya, ambapo tangu 1969 watu kama sisi wanatengeneza mapambo na kuyauza. Hapa kwangu pana benchi, pana msasa, na kazi ya msasa ni ya kukaa.

Najua ulikuwa unacheza winga ya kushoto. Basi jua kwamba kuna mpira wa miguu wa waliokatwa viungo, saba kwa saba. Wachezaji wote ila kipa wana mguu mmoja na magongo mawili, kipa ana mkono mmoja, na miguu ya bandia inaachwa nje ya uwanja. Kenya ina timu. Majirani zetu wa Tanzania, Tembo Warriors, walikwenda Kombe la Dunia Uturuki mwaka 2022 wakafika robo fainali. Nilichopenda katika kanuni zao ni hiki: gongo likiuchezea mpira kwa makusudi, refa anapiga filimbi, sawa na kuunawa. Hata uwanjani wamehesabu gongo kuwa mkono. Magongo yao ni ya kiwiko, mepesi. Kwa hayo ya kwapa usijaribu kukimbia, utajivunja.

Jumamosi una kliniki. Toka mapema, kaa kiti cha mbele, na umwombe mtaalamu wa viungo akuonyeshe ngazi, kupanda na kushuka, mbele ya macho yake, hata kama foleni inanung'unika. Muulize pia lini utafaa kupimiwa mguu wa bandia. Ukirudi pitia karakanani. Kiatu kipya alichokununulia mjomba wako kina soli nene, kimekuongezea kimo, na magongo yako sasa ni mafupi kwa tundu moja.